Admirali aliyetembea na mbegu mfukoni

Kila alipopata likizo nyumbani Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, Admirali Cuthbert Collingwood alizunguka mashambani na mbwa wake, Bounce, mfuko umejaa mbegu za mwaloni. Akiona udongo unaofaa, alifukia moja, akaendelea na safari. Huyu ndiye aliyeshika uongozi wa kikosi chote cha merikebu za Uingereza katika vita vya Trafalgar, tarehe 21 Oktoba 1805, baada ya kamanda wake, Admirali Nelson, kuuawa. Alijua merikebu za taifa lake zinatoka wapi.

Merikebu moja ya kivita ilimeza msitu. Victory, aliyopanda Nelson, iliyoshushwa majini Chatham mwaka 1765, ilichukua takriban miti 6,000, mingi yake mialoni. Na si magogo yaliyonyooka tu: mataruma yalitaka mbao zilizojipinda zenyewe mtini, zile zile ambazo fundi wa majahazi wa Lamu huzitafuta. Mwaloni huwa na mikunjo hiyo ukipata nafasi ya kutanua matawi, lakini hauna haraka. Kuufikisha unene wa kuundia merikebu kubwa ni kazi ya miaka mia moja au zaidi. Aliyepanda alimpandia kitukuu.

Hofu ya kuishiwa mbao ilikuwapo tangu zamani. Mwaka 1664 mwandishi Mwingereza John Evelyn alichapisha kitabu Sylva, akiwahimiza wenye ardhi wapande miti. Kupanda kwenyewe kunataka uangalifu. Mbegu ya mwaloni haiwekwi ghalani kama mahindi, ikikauka, imekufa. Huokotwa majani yanapopukutika, ikapandwa papo hapo au ikahifadhiwa kwenye mchanga wenye unyevu, mbali na panya. Kabla jani halijachomoza, mzizi mkuu umeshazama ardhini, ndiyo maana wengi waliona heri kuifukia pale pale mti utakapokaa kuliko kuhamisha mche. Tena mwaloni hauzai sawasawa: mwaka huu tele, mwaka ujao karibu hakuna.

Nelson naye alifika msitu wa Dean, huko Uingereza, mwaka 1802 na kulalamikia jinsi ulivyotelekezwa. Mwaka 1808 Bunge likapitisha sheria ya kuzungushia uzio ekari 11,000 za msitu huo ili mialoni ikue bila kuliwa na mifugo. Wakati huo huo Waingereza walikuwa wakiunda merikebu Bombay, India, kwa mbao za msaji. Mojawapo, Trincomalee, ilishushwa huko mwaka 1817.

Collingwood alifia baharini tarehe 7 Machi 1810, hakuwa ameiona nyumba yake tangu 1803. Mwaka 1815 mkewe, Sarah, alipanda mialoni huko Hethpool, Northumberland.

Kisha chuma kikaja. Warrior, meli ya kivita yenye gamba la chuma, ilishushwa London mwaka 1860. Machi 1862, huko Hampton Roads, Marekani, meli ya namna hiyo iliziangamiza merikebu mbili za mbao kwa siku moja. Mialoni ya Dean ilikuwa na umri wa nusu karne tu.

Wapo wanaouita upandaji huo hasara. Sikubaliani nao. Vita vya 1914 viliikuta Uingereza haina mbao za kutosha, ikalazimika mwaka 1919 kuunda tume ya misitu ya kuanza kupanda upya. Tume hiyo ilipokabidhiwa Dean mwaka 1924, mialoni ya sheria ya 1808 ilikuwa imesimama tayari. Bunge lile lilikosea matumizi, halikukosea kupanda.