Kaseti ya flashi imegoma? Angalia imesimama hatua gani kabla hujaitupa

Kuna swali naulizwa karibu kila wiki na vijana wanaocheza Game Boy na Nintendo DS za mtumba: "Kaka, kaseti yangu ya flashi imekufa, ninunue nyingine?" Jibu langu huwa ni lile lile: subiri kwanza. Nyingi ninazoletewa bado ni nzima. Unakuta betri imeisha, memori kadi ni feki, au pini zimejaa uchafu. Leo nimeamua kuandika yote mahali pamoja ili kila mtu ajisaidie, maana hela ya kaseti mpya siyo ya kuokota, na sevu ya miezi sita ikishafutika hairudi.

Kwa wale wageni: kaseti ya flashi haina gemu ndani yake. Ina nafasi ya memori kadi, mara nyingi microSD. Unaweka mafaili ya gemu kwenye kadi, kaseti inayasoma, na mashine inaamini kuwa imechomekewa kaseti ya kawaida. Kwa Game Boy na Game Boy Advance zipo EverDrive na EZ-Flash, na kwa DS kuna R4 na ukoo wake mrefu.

Sasa tuje kwenye ufundi wenyewe. Ziko hatua nne tangu unapowasha mpaka unaposevu, na kila hatua ina ugonjwa wake. Ukijua imekwama wapi, nusu ya kazi umemaliza.

HATUA YA 1: NEMBO HAITOKI, AU INATOKA IMEVURUGIKA

Game Boy ya mwaka 1989 ukiiwasha, kitu cha kwanza inachofanya ni kusoma nembo ya Nintendo kutoka kwenye kaseti, baiti 48, na kuilinganisha na nakala iliyomo ndani ya mashine. Zikitofautiana hata kidogo, inasimama hapo hapo. Kwa hiyo ukiona mstari mweusi unashuka badala ya nembo, au nembo yenye herufi zilizovunjika halafu kimya, tatizo mara nyingi liko kwenye pini. Memori kadi haijafikiwa kabisa, usihangaike kuifomati.

Dawa: chukua kijiti cha pamba, kiloweshe kidogo kwa spiriti, safisha pini za kaseti mpaka pamba itoke safi, acha ikauke. Kisha, mashine ikiwa imezimwa, ichomeke na kuichomoa mara kadhaa. Na ile tabia ya kupuliza tuiache jamani! Pumzi ina unyevu, na unyevu unaleta kutu. Kinachosaidia pale ni kule kuichomeka upya tu.

Jambo la pili ni umeme. Kaseti ya flashi inakula umeme kuliko kaseti ya kawaida. Game Boy Color na Game Boy Advance zinatumia betri mbili za AA, na zile betri za bei poa huwa zinazidiwa. Kama inawaka halafu inajizima au inajirudia mwanzo, weka alkalaini mpya kabla ya kufungua kitu chochote.

HATUA YA 2: NEMBO IMEPITA, MENYU HAIJI

Hapa sasa ndipo pa kuishuku memori kadi. Angalia kwa mpangilio huu:

- Fomati. Kaseti nyingi za zamani zinataka FAT16 au FAT32. Kadi za zaidi ya GB 32 hutoka dukani zikiwa exFAT, na kaseti nyingi hazielewi hiyo.

- Ukubwa. R4 ya asili inaishia GB 2, haisomi kadi za SDHC. Usilaumu kadi, tafuta ndogo.

- Faili la mfumo. Kila kaseti ina mafaili yake ambayo lazima yakae nje kabisa, siyo ndani ya folda. R4 ya asili isipoliona faili la _DS_MENU.DAT, inakuandikia "Menu?" na kuishia hapo. Uuzaji wa R4 ulizuiwa na mahakama ya Tokyo Februari 2009, na Mahakama Kuu ya Uingereza ikafuata 2010, lakini klone zikaendelea kuzaliwa. Mbili zinaweza kufanana kwa nje na zikatofautiana kabisa ndani. Soma anwani ya tovuti iliyoandikwa kwenye stika, utafute mafaili ya hiyo hiyo.

- Tarehe. Baadhi ya klone za R4 zimewekewa kikomo cha tarehe. Ilikuwa inacheza vizuri jana, leo inagoma. Rudisha nyuma tarehe ya mashine uone. Ikifunguka, umeshajua mchawi ni nani.

- Kadi feki. Imeandikwa GB 32, ndani ni GB 4. Gemu za mwanzo zinacheza, za mwisho zinaharibika. Ipime kwa programu ya bure ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux. Nakili vitu vyako kwanza, maana kadi inatakiwa iwe tupu.

- Virusi vya kafe. Hili ni letu sisi. Kompyuta inayochomekewa flashi za watu hamsini kwa siku haikosi kitu. Kuna virusi vinavyoficha mafolda yako na kuweka vijisinema vya njia ya mkato vyenye majina yale yale. Ukiona hivyo usifute kwa hasira! Mafaili yako mara nyingi bado yapo. Fungua dirisha la amri, kama kadi ni E andika: attrib -h -s -r E:\*.* /s /d. Yatatokea. Yanakili mahali salama, fomati kadi, rudisha gemu na sevu zako tu. Na usichomoe kadi kabla ya kuiambia kompyuta kwamba unaitoa.

HATUA YA 3: MENYU INAKUJA, GEMU HAIFUNGUKI

Jaribu faili ambalo una uhakika nalo. Kwa Game Boy mimi natumia Tobu Tobu Girl, gemu ya bure iliyotolewa 2017, kodi zake zote ziko wazi. Ikifunguka hiyo, kaseti yako haina neno, faili ndilo bovu. Labda mtandao ulikatika katikati ya kupakua, au umeliacha kwenye zip. Lifungue kwanza, ndani utakuta faili la gb, gba au nds.

HATUA YA 4: GEMU INACHEZA, SEVU INAPOTEA

Hii ndiyo inayoliza watu. Gemu za Game Boy Advance zinasevu kwa njia tofauti: SRAM, EEPROM, au Flash ya KB 64 na ya KB 128. Kaseti ikikosea aina, hakuna kinachohifadhiwa.

Mwezi uliopita dogo mmoja aliniletea Game Boy Advance SP. Pokémon FireRed yake ilikuwa inamwambia kwamba bodi ndogo ya 1M haijafungwa. Wiki nzima aliiacha imewashwa kwenye chaja usiku na mchana, anaogopa kuizima. Hiyo 1M ni megabiti moja, yaani KB 128. Kaseti ilikuwa imewekwa KB 64. Tulibadilisha kwenye menyu, ikasevu mara ya kwanza. Ila ile wiki yake hatukuweza kuiokoa.

Sababu nyingine ni betri ndogo ya mviringo ndani ya kaseti. Baadhi ya kaseti huweka sevu kwanza kwenye kumbukumbu inayolindwa na betri hiyo, kisha huihamishia kwenye memori kadi ukirudi kwenye menyu au ukiwasha tena. Betri ikifa, ukizima tu kwisha habari. Kwa hiyo ukishasevu ndani ya gemu, rudi kwenye menyu kabla ya kuzima. Na kila wiki nakili mafaili ya sav, ujitumie kwenye imeili yako. Ni madogo sana, hata mtandao wa kobe unayapeleka.

La mwisho: kusambaza gemu za watu bila ruhusa ni kosa, hilo tusidanganyane. Lakini kuna programu ya bure inaitwa GB Studio, ilitoka 2019, unatengeneza gemu yako mwenyewe ya Game Boy bila kujua kuandika kodi, na unaicheza kwenye kaseti hiyo hiyo.

Mwenye swali aandike hapo chini: aina ya mashine, maandishi ya kwenye stika ya kaseti, ukubwa wa kadi, na imesimama hatua gani. Bila hayo manne nitakuwa napiga ramli tu.