Uaminikaji wa Injini, Wala Si Utegemezi

Mwezi uliopita mtoto wa ndugu yangu, aliyekuwa akitafuta gari la juu lililokwisha kutumika Japani, alinijia na kitabu kidogo cha mwongozo wa wanunuzi, akakifungua penye jedwali la kulinganisha injini, akaniuliza, "Ami, hii injini ya Prado wameandika utegemezi wake ni mkubwa. Sasa hiyo ni sifa au ni aibu?" Nilikitazama kitabu kile kitambo, nikatambua kwamba kijana ameuliza swali ambalo walioandika walipaswa kujiuliza wao kabla ya kukipeleka mtamboni; kwani kurasa tatu mbele jambo lile lile liliitwa uimara, na katika dibaji likaitwa uaminifu, majina matatu kwa kitu kimoja, wala hakuna hata moja lililokuwa lake.

Tuanze na utegemezi, kwa kuwa ndilo lililo mbali zaidi na haki. Kiambishi tamati -zi katika lugha yetu humtaja mtendaji: mlezi ni aleaye, mwokozi ni aokoaye, na mtegemezi, kama ajuavyo kila aliyewahi kujaza fomu ya kazi na kuorodhesha majina ya watoto wake, ni yule anayemwegemea mwingine ili apate kuishi. Basi utegemezi wa injini, ukilifuata neno kwa maana yake, ni hali ya injini kuvitegemea vitu vingine, yaani oili, maji, chujio la dizeli na mfuko wa mwenye gari. Na injini yenye utegemezi mkubwa ni ile ambayo mtu mwenye akili huikimbia.

Uimara una nasaba njema zaidi, walakini ni nasaba ya jamaa mwingine. Neno imara limetoka katika mzizi wa Kiarabu wa ain, mim na ra, ambao ndio uliotuzalia pia umri. Na ndugu hawa wawili hawakuachana hata baada ya kuvuka bahari, kwani kitu imara kwetu ni kile kidumucho. Lakini mwenye kununua gari ana maswali mawili: injini hii itaishi muda gani, na katika muda huo itaniacha njiani mara ngapi? Tuseme injini moja yatembea kilomita 500,000 kabla ya kufa, ila kila kilomita 20,000 humlaza bwana wake porini, na nyingine yafa kwa kilomita 300,000 baada ya kumkwamisha mara tatu tu; ya kwanza ndiyo imara zaidi, nayo imemuumbua mwenyewe mara ishirini na tano.

Uaminifu ndio uliokaribia shabaha, na hapa naomba msomaji anivumilie. Mzizi wa alifu, mim na nuni ni miongoni mwa mizizi iliyobarikiwa katika lugha yetu: umetupa amani, imani, amini, amana na muumini, hata Amina ya kufungia dua; na chini ya yote hayo mna maana moja ya moyo kutulia na kuepukana na hofu. Amana ni mali uliyomwachia mwenzako, nawe ukalala usingizi. Hata hivyo mwaminifu ni mtu mwenye nia, ambaye angeweza kukhini naye asikhini, ilhali injini haina nia hata tuisifu kwa wema wake. Kinachohitajiwa hapa ni -ika, kiambishi kisichomtaja mtendaji bali huitaja hali ya kitu kukubali kutendwa: njia hupitika, maandishi husomeka, na injini huaminika. Ukitia u- mbele na -ji nyuma, kwa kaida ile ile iliyotupa upatikanaji, wapata uaminikaji. Na -ji hii haikutiwa kwa pambo, maana ndiyo ionyeshayo mazoea, jambo lifanyikalo tena na tena, na wanalolipima wahandisi ni hilo hasa: uwezekano wa mtambo kufanya kazi yake bila hitilafu, kwa muda uliotajwa na katika masharti yaliyotajwa. Amana nayo huwekwa kwa muda na kwa masharti.

Masharti hayo si jambo dogo. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser, ya silinda sita na lita 4.2, iliyoanza kutolewa mwaka 1990, haina tabo, na pampu yake ya dizeli huendeshwa kwa vyuma vitupu minghairi ya kompyuta, kwa hiyo huyavumilia mafuta ya madumu ya vijijini. 1KD ya Prado, ya lita 3.0, iliyokuja mwaka 2000, husukuma dizeli kwa shinikizo kubwa mno kupitia nozeli zinazoamriwa kwa umeme, na maji au uchafu kidogo ndani ya tangi hutosha kuziharibu. Injini iliyoaminika Yokohama yaweza isiaminike Handeni, na uimara wa chuma chake usiwe umepungua hata chembe.

Wako wanaotaka tuseme utegemekaji, na hao nawaheshimu, kwa kuwa angalau wameijua -ika. Ila mtu hutegemea kwa dhiki na huamini kwa ushahidi: abiria wa kijiji chenye basi moja hulitegemea kila siku, nalo humlaza njiani kila wiki, wala hajaliamini hata mara moja. Haya yote niliyaeleza katika barua ya kurasa nne kwa kamati moja ya istilahi, nikajibiwa kwa mistari miwili kwamba uaminikaji ni neno zito mdomoni. Sikuonyeshwa kosa la sarufi, wala sikuonyeshwa kosa la maana. Niliumia, na sioni haya kulisema, kwa sababu mtu akitumia fedha za miaka kumi kununua gari kwa neno lililopinduka, hasara ni yake, si ya kamati.

Katika maandishi, andika uaminikaji wa injini; katika mazungumzo, sema injini hii yaaminika.

Lile gari la kijana tulilipeleka kwa fundi wangu hapa Tanga alfajiri, injini ingali baridi. Aliliwasha, akafungua kifuniko cha oili, akaweka kiganja juu ya tundu kuisikiliza pumzi yake, kisha akachungulia maji ya rejeta kama yana utando wa mafuta. Akajifuta mikono. "Hii haikuachi njiani, mzee wangu," akaniambia, "lakini umri wake umebaki kidogo." Mtu huyu hajapata kukaa katika kamati yoyote, na kwa pumzi moja alikuwa ametenga mambo mawili ambayo kitabu kizima kiliyachanganya.

Kijana alilinunua, kwa bei iliyopunguzwa kwa ajili ya huo umri. Kitabu kimebaki kwangu, na penye jedwali nimelikata neno utegemezi kwa kalamu ya wino, nikaandika uaminikaji juu yake, safu nzima, injini baada ya injini.