North Wilkesboro, uwanja ulionyang'anywa mbio zake

Dereva anayetoka kona ya nne katika uwanja wa North Wilkesboro hujikuta anateremka mlima. Akitoka kona ya pili, anaupanda. Viwanja vingi vya mbio za magari nchini Marekani vimesawazishwa vizuri, lakini huu uliachwa na mlima wake. Simulizi inayokubalika na wengi ni kwamba Enoch Staley na wenzake walipoanza kuujenga, fedha ziliwaishia kabla ya kumaliza kusawazisha ardhi, wakaamua kuufuata mlima ulivyo. Mzunguko mmoja ni maili 0.625, yaani takribani kilomita moja.

Mji wa North Wilkesboro una wakazi zaidi kidogo ya 4,000. Uko kwenye vilima vya wilaya ya Wilkes, jimbo la North Carolina, na wilaya hiyo ilivuma kwa gongo muda mrefu kabla ya kuvuma kwa mbio. Mahindi ya bondeni yalilipa kidogo yakiuzwa kama nafaka, lakini yakipikwa kuwa pombe kali isiyolipiwa kodi yalilisha familia nzima. Kazi ngumu ilikuwa kuifikisha pombe hiyo mjini usiku, huku maofisa wa kodi wakivizia barabarani. Ndipo vijana wa Wilkes walipojifunza kuongeza nguvu za injini za Ford, kukaza springi za nyuma ili gari lililobeba mzigo lisionekane limelemewa, na kukata kona za milimani kwa mwendo wa kutisha.

Aliyevuma kuliko wote ni Junior Johnson, mzaliwa wa wilaya hiyo, ambaye baba yake alikuwa mpikaji mkubwa wa gongo. Maofisa hawakuwahi kumkamata barabarani. Walimkamata mwaka 1956 akiwa kwenye mtambo wa baba yake, akatumikia kifungo cha miezi 11 hivi, kisha akarudi kwenye mbio na kufikisha ushindi wa mara 50 katika ligi kuu ya NASCAR, chama kinachosimamia mbio za magari nchini. Mwaka 1965 mwandishi Tom Wolfe aliandika juu yake katika jarida la Esquire, na wasomaji wa New York wakaijua wilaya ambayo wengi wao hawakuwa wamewahi kuisikia. Rais Ronald Reagan alimpa msamaha mwaka 1986.

Mbio za kwanza uwanjani zilifanyika tarehe 18 Mei 1947 kwenye udongo mtupu, na mshindi alikuwa Fonty Flock. Umati uliojitokeza ulizidi sana matarajio ya waandaaji. Bill France, aliyeshirikiana na Staley kuutangaza uwanja, alikuwa mbioni kuunganisha mashindano yaliyotawanyika ya kusini mwa Marekani. Desemba mwaka huohuo aliitisha kikao huko Daytona Beach, Florida, na matokeo yake yakawa NASCAR. Mwaka 1949 chama hicho kilipoanzisha ligi ya magari ya kawaida, ambayo leo ndiyo ligi yake kuu, msimu ulikuwa na mbio nane tu. Za nane, za tarehe 16 Oktoba, zilifanyika North Wilkesboro na mshindi akawa Bob Flock, ndugu yake Fonty.

Lami iliwekwa mwaka 1957. Kuanzia hapo NASCAR ilikuwa ikifika mjini mara mbili kwa mwaka, majira ya kuchipua na majira ya vuli, na hakuna bingwa mkubwa ambaye hakupita kwenye uwanja huo. Richard Petty peke yake alishinda hapo mara 15. Kwenye uwanja mfupi wa aina hii nguvu za injini hazitoshi: matairi huisha, breki huchemka, na anayetaka kupita lazima amsogelee mwenzake hadi mabati yaguse mabati. Watazamaji walikaa karibu kiasi cha kunusa mpira wa matairi unaoungua.

Staley aliuendesha uwanja huo kwa karibu miaka 50. Mwishoni mwa kipindi hicho televisheni ilikuwa inamwaga fedha kwenye mchezo, na matajiri walikuwa wanajenga viwanja vya maili moja na nusu vyenye vyumba vya kifahari vya wageni wa makampuni. Kilichokuwa na thamani kubwa North Wilkesboro hakikuwa ardhi wala majukwaa, bali zile tarehe mbili kwenye kalenda ya NASCAR. Staley alifariki Mei 1995. Muda mfupi baadaye Bruton Smith, tajiri wa viwanja vya mbio, alinunua nusu ya uwanja kutoka kwa familia iliyoumiliki pamoja na Staley, na mapema mwaka 1996 nusu iliyobaki ikanunuliwa na Bob Bahre, mwenye uwanja wa New Hampshire. Kila mmoja alichukua tarehe yake: moja ikahamia Texas, nyingine New Hampshire. Jeff Gordon alishinda mbio za mwisho tarehe 29 Septemba 1996, na malango yakafungwa.

Biashara hiyo ilikuwa halali kisheria. Hata hivyo ulikuwa uporaji, kwa maana uwanja haukufa kwa kukosa watu. Uliondolewa mbio zake ungali hai. Kwa miaka mingi majani yaliota kwenye nyufa za lami, rangi ikabambuka na mapaa yakaanza kubomoka. Jaribio la kuufungua upya mwaka 2010 halikudumu hata miaka miwili.

Wenyeji hawakukata tamaa. Terri Parsons, mjane wa bingwa wa mwaka 1973 Benny Parsons, aliendelea kuwasukuma wanasiasa na wamiliki. Desemba 2019 dereva mashuhuri Dale Earnhardt Jr. alifika na wasaidizi kung'oa magugu, ili uwanja upigwe picha za leza na kuingizwa kwenye mchezo wa kompyuta wa iRacing. Mei 2020, viwanja halisi vikiwa vimefungwa kwa sababu ya korona, madereva wa NASCAR walishindana North Wilkesboro kupitia skrini, na Denny Hamlin akashinda. Walioona mbio hizo waliona pia kwamba uwanja ungali na mvuto. Mwaka 2021 jimbo liliutengea dola milioni 18 kutoka fedha za serikali kuu za kufufua uchumi, na Marcus Smith, mtoto wa Bruton, akaanza ukarabati.

Agosti 2022 Earnhardt Jr. alishindana hapo mbele ya majukwaa yaliyojaa na kumaliza wa tatu. Mei 2023, baada ya miaka 27, NASCAR ilirudi na mbio zake za nyota (All-Star), ambazo Kyle Larson alishinda juu ya lami ileile ya zamani, iliyowekwa upya mwaka 1981.

Mbio za nyota hazihesabiwi kwenye ubingwa, kwa hiyo mji ulikuwa bado unadai. Agosti 2025 NASCAR ilitangaza kalenda mpya: Julai 2026 North Wilkesboro ingeandaa mbio za pointi, za kwanza tangu Septemba 1996.