Jua Lilipopatwa Siku Aliyokufa Ibrahim

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu katika imani, leo nina deni la kulipa.

Mtakumbuka Alhamisi ya tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa hapa Tanzania. Kule Rujewa, Mbeya, watu walikusanyika kuliona likibaki kama pete. Sisi msikitini kwetu tuliswali swala ya kupatwa kwa jua, alhamdulillah. Tulipotoka, kijana mmoja wa sekondari akaniuliza: "Maalim, mwalimu wa fizikia alishatutajia saa na dakika, na imekuwa vilevile. Kama watu wanajua kwa hesabu, sisi tumeswali kwa ajili gani?"

Nilimkaripia. Nikamwambia hayo ni maswali ya shetani. Akanyamaza, na tangu siku ile akawa anapungua msikitini mpaka akapotea kabisa. Swali lake lilikuwa na jibu, ila mimi sikuwa nalo. Niliona haya kusema sijui, nikatumia ukali. Leo namjibu yeye, na wewe mwenye mtoto kama yeye, soma hadi mwisho.

Turudi Madina, mwaka wa 10 Hijria. Bwana Mtume (S.A.W.) alikuwa na mtoto mdogo, Ibrahim, aliyezaliwa na Bibi Maria. Mtoto yule alifariki hajatimiza miaka miwili, na Mtume akatokwa na machozi. Siku hiyohiyo jua likapatwa. Wanafalaki wa leo wakirudisha hesabu nyuma wanaikuta siku yenyewe: tarehe 27 Januari 632.

Watu wakasema, jua limepatwa kwa msiba wa mtoto wa Mtume. Ndugu yangu, hebu fikiri. Mtu mwongo angeipata wapi nafasi kama ile? Angenyamaza tu, watu wangemwamini zaidi. Lakini yeye, na majonzi yake kifuani, aliwasalisha, kisha akasimama akawakatalia. Akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa mtu. Mkiona hivyo, ombeni na swalini. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Shika hilo. Mbingu zina utaratibu wake, haziendi kwa habari za wakubwa wa dunia.

Waislamu waliokuja baadaye walilielewa somo. Dini yenyewe iliwapa maswali ya hesabu: kibla kiko upande gani, Alasiri inaingia lini, mirathi igawiwe vipi. Al-Khwarizmi wa Baghdad, zama za Khalifa al-Ma'mun (813–833), aliandika kitabu cha al-jabr, ndiyo aljebra wanayosoma watoto wetu. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi.

Na katika misikiti mikubwa ikazuka kazi ya muwaqqit, yaani mtunza nyakati. Mashuhuri wao ni Ibn al-Shatir (1304–1375) wa Msikiti wa Bani Umayya, Damascus. Ujanani alijifunza kazi ya kunakshi kwa pembe za ndovu, kisha akazama katika falaki. Mwaka 1371 alitengeneza saa kubwa ya jua ya marumaru kwa ajili ya mnara wa msikiti ule, ili nyakati za swala zijulikane. Aliandika pia hesabu za mwendo wa mwezi na sayari. Copernicus alipochapisha kitabu chake huko Ulaya mwaka 1543, hesabu yake ya mwezi ilikuwa sawa na ya Ibn al-Shatir, na wanahistoria bado wanajadili ilimfikiaje. Basi mtu huyo hakuwa adui wa msikiti. Alikuwa mfanyakazi wake.

Lakini tusijidanganye, maana historia si ya kujisifu tu. Mwaka 1577 Taqi al-Din alijengewa Istanbul kituo kikubwa cha kutazama nyota, chini ya Sultani Murad III. Mwaka huohuo nyota yenye mkia ikaonekana, naye akamtabiria Sultani kheri na ushindi. Yakaja maradhi ya tauni. Wakubwa wa dini na wa ikulu wakasema kuchungulia mbingu kunaleta balaa, na mwaka 1580 kituo kikabomolewa kwa amri ya Sultani huyohuyo. Sababu za kisiasa nazo zilikuwepo. Ila tazama kosa lilivyokuwa la pande zote mbili: mmoja alifunga nyota na bahati ya mfalme, wengine wakaifunga na nuksi. Wote walisahau lile lililosemwa Madina siku ya Ibrahim.

Sasa kijana wangu, jibu lako hili hapa. Ukutani msikitini kuna ratiba ya swala. Inataja dakika ya Magharibi ya leo, ya kesho na ya mwezi ujao, na yote ni hesabu. Je, kwa kuwa tunaijua dakika, tumeacha kuswali Magharibi? Hatuswali kwa sababu jua limetushtukiza. Tunaswali kwa sababu lina Mola anayeliendesha kwa mpango usiokosea, na mpango huo ndio unaomwezesha mwalimu wako kukutajia saa. Hesabu inakwambia lini. Swala inakukumbusha ni nani.

Wazazi, msimtoe mtoto kwenye fizikia kwa kuogopea dini yake. Maustadhi wenzangu, tukiulizwa tusilolijua, tuseme Allahu aalam, tukatafute. Ukali wangu ulinipotezea kijana mmoja.

Ukisoma haya popote ulipo, mwanangu, nisamehe. Nafasi yako kwenye safu bado ipo.

Allah atuzidishie elimu yenye manufaa. Aamin.

Wabillahi tawfiq.