Kabla ya Pankeki, Kulikuwa na Kitumbua cha Rufiji

Siku hizi ukifungua simu tu, unakutana na pankeki zimepangwa kama ghorofa. Poa sana, ila watu wa Pwani walishajua zamani namna ya kuumua. Nenda delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, kwenye mikoko na mashamba ya mpunga. Kule kitumbua kinaanzia shambani.

Mchele unalowekwa usiku kucha, unasagwa na tui la nazi, sukari na iliki. Hamira je? Kabla ya ile ya pakiti kuzoeleka, mabibi wa Pwani walitia tembo la mnazi, chachu yake ikafanya kazi. Unasubiri mpaka mapovu yatokee. Ukiharakisha, kinatoka kigumu kama jiwe.

Sasa, mpunga wenyewe unategemea mto. Rufiji ukijaa, unaacha tope lenye rutuba. Ila mto huohuo una hasira. Baada ya mafuriko ya 1968, serikali iliwahamisha wakazi wa bondeni kwenda miinukoni, kwenye vijiji vya ujamaa. Wengi waliendelea kurudi bondeni kulima, maana huko juu udongo ni wa kichanga. Aprili 2024 maji yakaja tena, yakafunika mashamba ya Rufiji na Kibiti.

Mjini tunasema "kitumbua kimeingia mchanga" kwa utani. Kwa mama anayelima mpunga delta, hiyo ni habari ya kweli kabisa: mafuriko yakizidi, hakuna cha kusaga.

Kesho ukinunua viwili vya moto asubuhi, usibane chenji.