Redio Ilisema, Chuo Kikuu Kiulize

Kwetu Wamakonde neno la mjomba juu ya mpwa wake ni zito. Kwa hiyo, binti wa dada yangu alipopata nafasi ya kusomea afya ya jamii chuo kikuu, wazee waliniita Nanyamba nitoe shauri. Lalamiko lao lilikuwa moja: "Asome miaka yote hiyo, kisha arudi bila hata kujua kuchoma sindano?"

Niliwakumbusha mwaka 1973. Madaktari wazalendo walikuwa wachache mno. Chuo cha udaktari cha Dar es Salaam kilikuwa kimeanza mwaka 1963 tu, kikawa kitivo cha chuo kikuu mwaka 1968. Kungoja madaktari watoshe kulikuwa kungoja kaburini. Ndipo ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 Redio Tanzania ilirusha masomo juu ya malaria, kuhara, kichocho na minyoo. Watu wazima wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakashika majembe na kuchimba vyoo. Hiyo ndiyo afya ya jamii: kuyazuia maradhi kabla hayajafika mlango wa zahanati.

Wazee wakaguna kukubali. Lakini mama yangu, ambaye mwaka ule alikuwa katika kikundi kimojawapo, akanikatiza: "Redio ilisema tuchemshe maji. Haikutuuliza tunayatoa wapi."

Nilinyamaza. Mimi ni mtu wa redio, na neno lile lilinichoma. Waama, juu ya uwanda huu wa Makonde mvua hunyesha ikazama mchangani, na chemchemi ziko huko chini mabondeni. Tangu enzi za mabibi zetu wanawake wameshuka na kupanda na maji kichwani. Tone lililopatikana kwa jasho namna hiyo, nani ataliteketeza jikoni?

Redio husema, haisikii. Mwanafunzi wa afya ya jamii hana budi kusikia: ahesabu wagonjwa, apime umbali wa maji, aulize, ndipo ashauri.

Nikatoa shauri langu: "Mwanangu, nenda ukasome. Lakini utakapokuja kwa mafunzo ya vitendo, usianze na daftari. Anza na bibi yako."

Bibi yake akadakia: "Na aje na ndoo."