Maleba ya Vita Uwanjani: Tuisomeje Ngoma ya Beni?

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, tunapojadili ngoma katika fasihi simulizi, maleba hupewa sentensi moja tu: kwamba mchezaji huvaa mavazi maalum ili apendeze. Jibu hilo halitoshi. Hebu tuitazame ngoma ya beni, hasa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia (1914–1918), tuone vazi linavyobeba ujumbe sawa na wimbo.

Beni ilichipuka katika miji ya pwani kama vile Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890. Jina lenyewe limetoholewa kutoka Kiingereza, na maana yake ni bendi. Wachezaji walipiga gwaride, wakavaa sare za kijeshi na kujipa vyeo: mfalme, jenerali, kapteni. Hata hivyo, usidhani kila kitu kiliazimwa. Mashindano ya ngoma na ya kujibizana kwa mashairi baina ya mitaa yalikuwapo tangu zamani. Kwa mfano, Lamu ilikuwa na upinzani wa Mkomani na Langoni. Beni iliyavika mashindano hayo nguo mpya.

Vita vilipozuka, ngoma hii ilisafiri na askari na wapagazi. Vyama vya Marini na Arinoti vilienea mbali na pwani, vikawa na wafuasi katika majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani. Kumbuka hali ya wapagazi: walibeba mizigo ya majeshi kwa miguu, na makumi ya maelfu wakafa, wengi kwa maradhi na njaa. Majina ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi, yametokana na kikosi chao. Jeshini, Mwafrika hakuweza kuwa jenerali. Katika beni aliweza.

Je, tuseme wachezaji hawa walikuwa na kasumba? Au walikuwa wakimkejeli mkoloni? Wahakiki wengi huchagua mojawapo. Kwa maoni yangu, majibu yote mawili yana kasoro moja: yanamweka Mzungu katikati ya uwanja. Mchezaji wa beni alitafuta kwanza jicho la mpinzani wake, yaani chama cha pili. Sare nadhifu ilitangaza kwamba chama chake kina watu, kina fedha na kina nidhamu. Isitoshe, vyama hivi vilisaidia wanachama katika ugonjwa na mazishi, na kumpokea mgeni aliyefika mji asioujua. Cheo cha ngomani kilikuwa na kazi ya kweli.

Maafisa wa kikoloni walilitambua hilo. Baada ya vita waliingiwa na wasiwasi, kwa kuwa vyama hivi viliunganisha watu wa miji na makabila mbalimbali. Mwanahistoria Terence Ranger alilichunguza suala hili kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1975. Nao askari waliorudi makwao waliipeleka ngoma hadi Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, ambako ilizaa mganda na malipenga.

Basi, mtahiniwa, ukiulizwa umuhimu wa maleba, usikomee kwenye urembo. Jiulize: Nani anavaa? Anavaa mbele ya nani? Vazi linampa hadhi gani ambayo amenyimwa nje ya uwanja? Nawe mwalimu, waombe wanafunzi wachunguze ngoma moja ya kwao kwa maswali hayo hayo. Huenda wakagundua kwamba nguo wanayoiona ya kuchekesha ina historia ya watu waliodai kuheshimiwa.

Swali la marudio: "Maleba ya beni ni uigaji mtupu." Jadili.